Kilimi

Kuna dawa nyekundu ya sakafu inayouzwa huku katika makopo ya bati, ile ya kusugulia varanda na ngazi. Ukiipaka asubuhi, harufu yake inakaa mpaka jioni. Wiki iliyopita nilikwenda kwa fundi cherehani mmoja mtaa wa Rosettenville, nikaikuta harufu hiyo mlangoni, na kabla sijafika ghorofa ya kwanza nilikuwa nimeshapandwa na hasira. Fundi wa watu akanisalimia vizuri, nikamjibu kwa mkato. Hakujua, wala sikumweleza, kwamba hiyo ndiyo harufu ya ukumbi wa shule yangu ya kwanza, na kwamba katika ukumbi ule ndimo nyumba yetu ilimonyamazishwa.

Tulikuwa tunakaa Joubert Park, chumba kimoja katika jengo ambalo lifti yake ilishageuzwa jaa la taka. Baba alitangulia kutoka Tanga, akawa anauza viatu karibu na stesheni kuu, kisha akatuita mimi na mama. Mdogo wangu Zuhura alizaliwa hukuhuku, na wakati wa mambo haya alikuwa bado ananyonya. Tanga mama alikuwa mwalimu wa chekechea. Huku akawa mkaanga bajia, na bajia zake zilikuwa na jina, lakini mtu aliyezoea kuitwa mwalimu hazoei upesi kuitwa “wewe wa bajia.” Na alikuwa msemaji, mama yangu. Alisema na sufuria, alisema na mvua, alimsema baba hata akiwa hayupo. Akimnyonyesha Zuhura ndiyo kabisa, alimpa habari za mtaa mzima wa kwetu, nani kamwoa nani na nani kaachika, na mtoto ananyonya huku amemkodolea macho kama anayefuata kila neno.

Jioni moja ya baridi wazazi wakaitwa shuleni. Mama aliacha karai, akavaa gauni lake la kitenge na mtandio wa kutokea, tukaenda pamoja na jirani yetu Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu. Mimi nilikwenda kama mkalimani, cheo wanachopewa watoto wa wageni mjini hapa bila kukiomba. Ukumbi ulikuwa umesuguliwa sakafu siku hiyohiyo na viatu vyetu vililia kila tulipopiga hatua.

Mwalimu mkuu alisema kidogo kwa Kiingereza juu ya lugha ya mama, kisha akampisha mwenyekiti wa wazazi, ambaye alisema sana kwa Kizulu. Alisema kwamba kwa miaka mingi mtoto mweusi alichapwa kwa kusema lugha ya kwao, akafundishwa kuionea aibu, na sasa hayo yamekwisha. Kuanzia mwaka unaofuata kila mtoto katika shule ile atafundishwa lugha ya mama, na itakuwa lazima. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi mmoja mbele yetu alilia kabisa, akajifuta kwa ncha ya blanketi lake. Sina neno na machozi yake, alikuwa na haki nayo.

Mama akanivuta mkono. “Wanasemaje?”

“Wanasema kila mtoto atafundishwa lugha ya mama yake.”

“Lugha ya mama yake?”

“Ndiyo. Lazima.”

“Wamesema hivyo kweli, Hawa?”

“Wamesema hivyo, mama.”

Sikukosea. Nimeyarudia maneno yale utu uzima wangu wote na nasema tena kwamba sikukosea, ndivyo walivyosema. Mama alisimama akapiga makofi wakati wenzake walikuwa wameshakaa, na Mama Furaha naye akasimama ili asimwache peke yake. Watu waligeuka kuwatazama wageni wale wawili wanaoshangilia kuliko wenyewe.

Tuliporudi, wale wawili walipanda ngazi zote wakibishana.

“Sasa, Mama Hawa, ile Kiswahili batafundisha batoto, itakuwa ya kwetu ao ya kwenu?”

“Kiswahili ni kimoja, Mama Furaha.”

“Ni kimoja, lakini yenu iko na maringo.”

“Yetu ndiyo ya vitabuni.”

“Basi mwenye kuandika ile kitabu alikuwa ndugu yenu.”

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Sikumbuki kumwona akicheka vile tena katika ngazi zile.

Mimi nilikuwa na langu lililonisumbua. Mwenyekiti alirudiarudia maneno ya Kizulu, *ulimi lwebele*. Ulimi ni ulimi, kwao na kwetu. Hilo la pili mimi nililisikia kuwa “wa mbele.” Ulimi wa mbele, na tena wa lazima. Basi kama kuna ulimi wa mbele, nikawaza, lazima kuna na wa nyuma. Tulipofika nyumbani nikaenda kwenye kioo cha kabati, nikaachama, nikautafuta. Nikaupata. Ulikuwa unaning'inia kule ndani kabisa kooni, mdogo, mwekundu, unatetemeka, kile kinyama ambacho kwetu tunakiita kilimi na wengine huita kimio.

Kilimi nilikijua vizuri. Binamu yangu Saidi kule Tanga alikohoa mpaka bibi akachoka, akampeleka kwa mzee mmoja anayekata vilimi kwa kijisu kilichopinda. Saidi alirudi anatema damu katika bakuli, na kwa siku kadhaa hakusema na mtu. Kwa hiyo nilijua kwamba kilimi kinakatwa, na kwamba aliyekatwa ananyamaza. Yote yakajipanga yenyewe kichwani mwangu. Ulimi wa mbele ni wa Kizulu, maana mwenyekiti aliusifu kwa Kizulu, na wa nyuma ni wa kwetu, na shule imeshasema inaoutaka. Sikumuuliza mtu. Mtoto akishapata maelezo yanayomtosha haulizi tena.

Siku chache baadaye mama alipiga pasi gauni lilelile, akamwacha Zuhura kwa Mama Furaha, akanishika mkono kurudi shuleni. Njia nzima alikuwa anajisemea polepole, anapanga maneno. Tulipokelewa na naibu mwalimu mkuu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, mpole, aliyetupa viti wote wawili. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Ingenirahisishia maisha.

“Mwambie mimi ni mwalimu wa watoto wadogo,” mama akasema. “Mwambie nimesikia habari ya lugha ya mama, nimefurahi mno. Watoto wa Kiswahili hapa ni wengi, wa kwetu, wa Kongo, wa Burundi. Mwambie watahitaji mwalimu, nami nipo. Naweza kuanza hata kabla hawajajipanga.”

Nikatafsiri. Naibu akanitazama mimi, akamtazama mama, akatabasamu kwa huruma ambayo mpaka leo sijaisamehe.

“Eish,” akasema. “Mwambie mama kwamba lugha ya mama maana yake Kizulu.”

“Anasema lugha ya mama maana yake Kizulu.”

Mama akauliza, “Ya mama yupi?”

“Anasemaje?” akauliza naibu.

“Anauliza ya mama yupi.”

Alivua miwani, ikabaki inaning'inia kifuani. “Ya kila mtu. Mwambie ni ya kila mtu. Na mwambie ajitahidi kuisema na wewe nyumbani, ama sivyo utabaki nyuma.”

Nikatafsiri na hilo, huku neno hilo la nyuma likinikumbusha kilimi changu. Mama alisimama akasema *ngiyabonga*, asante, neno alilolijua vizuri kuliko yote kwa sababu alilisema kwa kila mteja. Kwenye roboti, zile taa za barabara kuu, taa ya waenda kwa miguu iliwaka kijani, watu wakavuka, yeye akabaki amesimama mpaka ikawa nyekundu. Aliponifikisha mlangoni kwa Mama Furaha alisema tu kwamba wanataka Kizulu. Mama Furaha akasema alijua. Hakuwa amejua, lakini ndivyo mtu anavyomfanyia rafiki.

Naomba nieleweke hapa, maana wapo watakaonisoma kwa jicho la pembeni. Sina ugomvi na Kizulu. Nakisema, naota kwacho, nimeolewa nacho. Wenyewe walinyang'anywa na walikuwa na haki ya kukirudisha darasani, kwa lazima ikibidi. Ninachokasirikia ni lile jina. Wangesema Kizulu ni lazima, tungejifunza Kizulu, tukarudi nyumbani tukasema yetu. Wao walisema mama. Walimtoa mama yangu katika neno mama, halafu wakamtuma mwanawe akamwambie.

Mwaka ulipoanza tulifundishwa Kizulu kila siku, na nilikipenda, na hofu yangu ilikuwa imeanza kulala. Ndipo muuguzi akaja shuleni kukagua afya. Tulipangwa mstari katika ukumbi uleule. Mbele kulikuwa na kiti, na muuguzi, na kurunzi, na kijiti bapa cha mbao. Kila mtoto aliyefika aliambiwa *vula umlomo*, fungua mdomo, kisha kijiti kile kikaingia kooni. Mimi nilijua wanatafuta nini.

Nilipofikiwa nilibana meno. Muuguzi akanibembeleza, mwalimu akanikemea, mwingine akanishika kichwa kwa nyuma. Kidole cha muuguzi kilipopenya nilikiuma mpaka nikasikia ladha ya chumvi. Kisha nikajikojolea pale pale kwenye sakafu ile nyekundu inayong'aa, na watoto wakacheka. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Hata wangeniuliza, kilimi sikukijua kwa Kizulu wala kwa Kiingereza, nilikijua kwa lugha moja tu na hiyo haikuwa na mwenyewe mle ndani.

Baba aliitwa kutoka kwenye viatu vyake. Naibu akamweleza kwa upole wake uleule kwamba mtoto huyu amechanganyikiwa. Lugha nyingi nyumbani zinamvuruga mtoto, akasema, ndiyo maana anauma. Ni bora waiache ile nyingine mpaka akomae. Kiswahili akakiita “ile nyingine.” Baba akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa na sababu zake. Miaka ile mtaani mtu aliyeshukiwa kuwa mgeni alisimamishwa akaulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, na asiyejua alipigwa. Baba alikuwa amesimamishwa. Alijibu, akaachiliwa, lakini alirudi nyumbani akakaa kitandani amejishika kiwiko kama kilichovunjika.

Jioni ile alituketisha. “Kuanzia leo humu ndani ni Kizulu,” akasema. “Kiswahili tutakisema tukirudi kwetu.”

“Tunarudi lini?” mama akauliza.

“Mama Hawa, usinianze.”

“Nauliza tu, Baba Hawa. Nijue nitanyamaza mpaka lini.”

“Utasema. Utajifunza, kama sisi.”

“Na huyu?” Alimwinua Zuhura kidogo mapajani. “Huyu nitasema naye nini?”

Baba aliinama akafungua kamba za viatu. Nami, Mungu anajua, nilifurahi. Nilidhani baba amekwenda shuleni kunitetea, wakapatana: kilimi kisikatwe, ila kikae kimya. Nililala usingizi mzuri.

Mama alitii. Wapo wanawake ambao wangekataa, nami nikiwa na hasira huwa namlinganisha nao, lakini alikuwa ameambiwa na mwalimu, na mumewe pia, kwamba lugha yake inamdhuru mtoto. Mwalimu wa chekechea hawezi kulisikia neno hilo akalipuuza. Tatizo ni kwamba Kizulu chake kilikuwa cha bajia. Njoo, kula, acha, nyamaza, bei gani. Hicho ndicho alichokuwa nacho cha kumpa mtoto anayenyonya. Ile “bei gani” nayo ya nini kwa mtoto. Zile habari zote za nani kamwoa nani zilikatika katikati, na Zuhura alikuwa anayatafuta macho ya mama, anamgusa mdomo kwa vidole kama anayebisha hodi. Neno lililobaki la kumbembelezea mtoto, ambalo ni la kwao na la kwetu, lilikuwa moja tu, lala. Wao wanasema lala na sisi tunasema lala. Basi mama alilisema hilo, akalivuta, akalirudia kwa kila namna ya sauti, la kuchekesha, la kubembeleza, la kuonya. Kila alichokuwa nacho alikitia humo.

Mwalimu wetu wa Kizulu ndiye aliyekuja kutueleza, siku moja isiyo na shughuli, maana ya *ulimi lwebele*. Aliweka kiganja kifuani. Hilo la pili, akasema, ni titi. Ni ulimi wa titi, ule mtoto anaounyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Darasa likacheka kwa sababu ametaja titi. Mimi nilisubiri kengele tu. Nilirudi nyumbani mbio, nikamkuta mama kwenye godoro, Zuhura yuko titini, wote wawili kimya, redio ya jirani inasikika ukutani. Nilitaka kumweleza. Kwa Kizulu asingeelewa, na kwa Kiswahili baba alikuwa pale nyuma ya pazia anavaa. Nikavua viatu nikakaa.

Mimi nilipona kwa sababu nilikuwa nimeshakula na kushiba lugha kabla ya kufungiwa, na kwa sababu mchana nilifagia nywele kwa Mama Furaha, ambaye sheria za baba hazikumhusu. Ndiyo maana mpaka leo “ao” inaniponyoka mahali pa “au.” Zuhura hakuwa na pa kukimbilia. Alikuwa mdogo mno kusikia minong'ono yetu ya Kiswahili, mimi na mama, na alipokua tulikuwa tumeacha kunong'ona.

Alikua vizuri, kwa mizani ya watu. Alipata zawadi za Kizulu shuleni akiwashinda wenyewe. Sasa yuko Sandton, upande wa matajiri, katika ofisi yenye vioo, na akisema wazazi wake ni wa Tanga wenzake wanadhani anatania. Baba alifariki akijivuna naye. Yeye na mama walipendana, sitaki mtu aseme hawakupendana. Walipendana kwa kupikiana, kwa kununuliana sweta, kwa kukaa pamoja mbele ya televisheni. Lakini Zuhura alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba mama yake ni mtu mkimya sana. Mara ya kwanza nilipomsikia nilitoka nje. Mama yangu mkimya, mwanamke ambaye Tanga walimkimbia kwa maneno.

Mwaka huu mama alipata kiharusi. Aliamka upande mmoja umelegea, na Kizulu chote kimeondoka. Daktari alisema hutokea, kwamba lugha iliyoingia mwisho inaweza kutangulia kutoka. Kiswahili kilibaki, na hakikubaki kidogo. Kilifumuka. Alisema na shuka, alisema na dripu, alimsema baba huko aliko. Zuhura aliomba ruhusa kazini, akawa anashinda naye hospitali tangu asubuhi mpaka mimi nitoke kazini nimpokee.

Siku moja niliwakuta mama amemshika mkono, anampa habari bila kupumua. Habari ilikuwa ya chekechea yake kule kwetu, ya mtoto mmoja aliyekuwa anakula chaki, na jinsi mama yake mtoto alivyokuja kugomba kwamba shule haiwalishi watoto. Zuhura anaitikia *yebo, Ma*, ndiyo mama, huku machozi yanamtiririka anacheka. Aliniambia kwa Kizulu kwamba ni mara ya kwanza maishani mama anazungumza naye hivi. Nikamwambia naona.

Kichwa cha mama siku zile kilikuwa kinakwenda na kurudi. Aliponiona alinitambua. Akaniita nisogee, bila kuuachia mkono wa Zuhura, akaniambia kwa sauti aliyodhani ni ya chini:

“Huyu binti, Hawa, amenikalia hapa tangu asubuhi. Mpole, na mzuri kama nini. Maskini, bubu.”

“Anasemaje?” Zuhura akaniuliza, uso wake wote umefunguka. “Ni mimi anayenisema, sivyo? Anasemaje?”

Nikamwambia kwamba mama anasema yeye ni mzuri.